Kisa Kimoja, Njia Tatu: Mwongozo Kamili wa Kusimulia Tukio la Kweli katika Riwaya, Filamu na Historia

Mwaka 1548, kijana aitwaye Martin Guerre, wa kijiji cha Artigat kusini-magharibi mwa Ufaransa, alituhumiwa kuiba nafaka kidogo ya baba yake. Akatoweka, akamwacha mkewe Bertrande de Rols na mtoto mchanga wa kiume. Miaka minane ikapita kimya. Mwaka 1556 akatokea mwanamume aliyesema ndiye Martin. Aliwajua watu kwa majina, alikumbuka mambo ya zamani, na dada zake Martin wote wanne wakampokea. Bertrande naye akampokea. Waliishi pamoja miaka mitatu na ushei, wakapata watoto. Kisha yakazuka magomvi ya mali kati yake na Pierre Guerre, ami yake Martin, na Pierre akaanza kutangaza kwamba huyu si Martin hata kidogo, ni ayari aitwaye Arnaud du Tilh. Kesi ikasikilizwa Rieux, mshtakiwa akahukumiwa kifo, akakata rufaa Toulouse. Mwaka 1560, majaji wa rufaa wakiwa wameanza kuelemea upande wake, akaingia mtu mwenye mguu wa mti. Alikuwa Martin Guerre. Arnaud alinyongwa Septemba mwaka huohuo, mbele ya nyumba aliyoishi kama yake.

Nimekupa kisa kizima kwa aya moja, na nimekiharibu. Kila kitu kimo: majina, miaka, kosa, adhabu. Lakini hukuwa na nafasi ya kumwamini Arnaud hata kwa sekunde moja, kwa hiyo aliponyongwa hukupoteza chochote. Mtu akikuuliza tofauti ya taarifa na hadithi, mwonyeshe aya hiyo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kimepita mikononi mwa kila aina ya msimulizi. Jaji Jean de Coras, aliyekuwa mmoja wa walioisikiliza rufaa, alikiandikia kitabu mwaka 1561. Janet Lewis, mwandishi wa Marekani, alikitungia riwaya mwaka 1941. Mwaka 1982 Daniel Vigne alikitengenezea filamu, na mwanahistoria Natalie Zemon Davis, aliyekuwa mshauri wa filamu hiyo, hakuridhika na kilichoonekana kwenye skrini, akaandika kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1983. Miaka 10 baadaye filamu nyingine ikakihamishia Marekani, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kisa ni kilekile, lakini ukiwakalisha wasimulizi hawa meza moja watagombana mpaka usiku.

Kinachowagombanisha ni nani alijua nini, na alijua lini. Baada ya miaka mingi ya kuandika na kusahihisha miswada ya wengine, hilo ndilo swali ninalolibeba kwenye kila hatua hapa chini. Wewe badilisha majina, weka kisa chako.

Hatua ya kwanza: kadi

Kabla ya kuandika sentensi yoyote nzuri, chukua karatasi ngumu, zikate kadi, uandike tukio moja kwa kila kadi. Zipange kwa tarehe. Kompyuta ina programu za kazi hii, lakini mimi napenda kadi kwa sababu zinaanguka sakafuni, na wakati wa kuziokota huwa naona mpangilio ambao sikuufikiria.

Watu wengi hufanya hili, ila huandika tarehe na tukio tu. Ongeza mistari mitatu: anayejua, asiyejua, na sisi tumelijuaje. Hii hapa kadi yangu moja, yenye mistari miwili ya kwanza:

*1557. Martin anapoteza mguu katika mapigano ya Saint-Quentin, akiwa upande wa Hispania. Anajua: Martin na askari wenzake. Hajui: Artigat nzima, Arnaud akiwemo.*

Nikadhani nimemaliza. Halafu nikakuta kwamba kabla ya kesi, askari mmoja mpita njia alifika Artigat, akasema waziwazi kuwa yule mtu ni mwongo, kwani Martin wa kweli amekatwa mguu Saint-Quentin. Kumbe Artigat ilisikia! Ikabidi nifute mstari wa asiyejua na kuandika upya: wameambiwa, wengine hawakuamini. Kadi moja ikabadilisha hali ya kijiji kizima. Mwanzoni nilikuwa na wanakijiji waliodanganywa, sasa nina wanakijiji walioambiwa ukweli kisha wakachagua.

Huo ndio utajiri wa mistari ile mitatu. Tarehe inakuambia jambo limetokea lini, na mstari wa anayejua unakuambia lina faida gani katika usimulizi. Wahakiki wa Urusi wa miaka ya 1920 walitenga mambo haya mawili: matukio kwa mpangilio wake wa asili waliyaita fabula, na matukio kama msimulizi anavyoyapanga wakayaita syuzheti, sisi huwa tunaita msuko. Kadi zako kwa sasa ni fabula tupu. Usizipende mno. Utazichanganya karibuni.

Hatua ya pili: tafuta swali, si dhamira

Hapa ndipo miswada mingi inapokufa. Mwandishi anakuja na dhamira, "nataka kuandika kuhusu usaliti," na kurasa 200 baadaye usaliti upo kila mahali na hakuna kinachotuvuta kufungua ukurasa unaofuata. Dhamira msomaji ataiokota mwenyewe mwishoni. Kinachomvuta ni swali.

Kisa cha Artigat kina maswali yasiyopungua manne. *Je, ni yeye?* Hilo ni swali la upelelezi, na linakufa mara mguu wa mti unapoingia mlangoni. *Jaji ataamuaje?* Hilo ni la Coras. Katika kesi ya Rieux walisikilizwa mashahidi wapatao 150. 30 hadi 40 wakasema ni Martin, 45 hivi wakasema ni Arnaud, na karibu 60 wakasema hawawezi kuamua. Kwa mtu wa sheria hapo pana chakula cha akili cha mwaka mzima. Montaigne, mwandishi wa insha wa Ufaransa aliyekisoma kitabu cha Coras, aliona hukumu ya kumnyonga mtu kwa jambo la ajabu namna hiyo ilikuwa ya kijasiri kupita kiasi. Alikumbusha majaji wa Areopago, mahakama ya Athens ya kale, ambao, kesi ilipowashinda, waliwaambia wahusika warudi baada ya miaka 100.

Swali la tatu, *Bertrande alijua?*, ndilo lililowagawa Lewis na Davis. Na la nne, ninalolipenda kuliko yote ingawa sijaona aliyelifanya kuwa mhimili: *kwa nini dada wanne wa mtu wamkubali mgeni?*

Jaribio la swali zuri ni rahisi. Chukua kadi ya mwisho kabisa katika msuko unaoufikiria, ujiulize kama ndiyo inayolijibu swali lako. Kama jibu liko kwenye kadi ya katikati, zote zinazofuata zimegeuka nyongeza, na msomaji ataziruka bila kukuomba ruhusa. Ukichagua "je, ni yeye?" hadithi inaisha Martin anapoingia mahakamani, kunyongwa kwa Arnaud kunakuwa mkia. Ukichagua "Bertrande alijua?" kuingia kwa Martin hakumalizi kitu. Ndiyo kwanza moto unawaka, kwa sababu sasa kuna mtu mwenye haki ya kumwuliza.

Hatua ya tatu: chagua atakayesimulia

Niliwahi kukipa kisa hiki sauti ya Bertrande, nafsi ya kwanza, nikiwa na hakika nimepatia. "Nilimwona akipanda njia ya kijijini..." Kurasa 30 za mwanzo zilitiririka. Kwenye ukurasa wa 31 nikakwama, na nilikwama miezi. Bertrande wangu alikuwa anajua, mimi nilikuwa nimeamua hivyo, ila nilitaka msomaji asijue mpaka mwisho. Sasa mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe, akiwa peke yake na msomaji, anafichaje jambo ambalo hulifikiria kila anapolala na kila anapoamka? Kila nilipomfanya anyamaze alikuwa anamdanganya msomaji, na msomaji akishajua kuwa alidanganywa na msimulizi bila sababu iliyo ndani ya hadithi, hakusamehe.

Niliokoka kwa kuhamia nafsi ya tatu, nikasimama bega kwa bega na Bertrande bila kuingia kichwani mwake: anaona, anagusa, anajibu, na msomaji anapima mwenyewe. Njia nyingine ingekuwa kubaki na "mimi" lakini kuitoa siri ukurasa wa kwanza, tukabaki na taharuki ya jinsi atakavyoilinda. Zote mbili ni halali. Isiyo halali ni ile niliyoianza mimi.

Basi kanuni ninayoitumia: kama siri iko ndani ya kichwa cha mtu, usimulizi wa nafsi ya kwanza usimpe yeye, mpe aliye karibu naye asiyejua. Kama siri iko nje, kwa mfano mguu uliokatwa mamia ya kilomita kutoka hapo, nafsi ya kwanza haina tabu hata kidogo, kwa kuwa msimulizi na msomaji wanasubiri pamoja.

Msimulizi maizi, yule aingiaye vichwa vyote, namwogopa katika visa vya siri. Akijua kila kitu halafu akachagua kutokuambia, unaanza kumwona kama mchuuzi anayeficha bidhaa chini ya meza.

Katika filamu swali linageuka: kamera inakaa na nani? Hata bila sauti ya msimulizi, anayefuatwa na kamera mlango unapofungwa ndiye mwenye hadithi. Ukimfuata Arnaud usiku akiwa peke yake, utalazimika kuonyesha uso wa mtu anayekariri majina ya shangazi wa uongo. Usipomfuata kamwe akiwa peke yake, watazamaji wataamini. Huu ni uamuzi wa kuandikwa kwenye skripti, usimwachie mpiga picha.

Na mwanahistoria? Yeye pia ni msimulizi, hata ajifiche vipi nyuma ya "inaelekea". Coras aliandika akiwa ameshashuhudia mguu wa mti. Kila anapomsifu Arnaud kwa kumbukumbu yake ya ajabu, anajitetea yeye mwenyewe: tazameni jinsi mtu huyu alivyokuwa hodari, hata mimi nilikaribia kumwamini. Ukiandika historia, mweleze msomaji chanzo chako kilisimama wapi. Ni sentensi moja au mbili tu, lakini zinabadilisha uzito wa ukurasa mzima.

Hatua ya nne: pa kuanzia

Chukua zile kadi, zichanganye. Weka moja mbele kama mwanzo, soma tatu zinazofuata, badilisha. Fanya hivyo mara tano au sita.

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kuanzia katikati ya moto. Kwa Artigat hiyo ingekuwa siku mgeni anapowasili, au mahakamani. Lewis hakufanya hivyo. Alianza na harusi ya watoto wawili, Martin na Bertrande, miaka mingi kabla ya lolote kutokea. Kwa nini ukubali mwanzo wa polepole hivyo? Kwa sababu wema wa yule anayerudi hauna maana mpaka tumeuonja ukavu wa aliyeondoka. Usipomjua Martin wa kwanza, huwezi kuogopa pamoja na mkewe pale wa pili anapokuwa mzuri kupita kiasi.

Kwa hiyo jiulize: ni kitu gani msomaji lazima akihisi kabla swali langu halijauma? Anzia hapo. Kama hakipo, anzia kwenye swali lenyewe, na yaliyotangulia uyalete baadaye kwa kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma katika wakati. Ila kisengerenyuma kiwe na kinachokiita: harufu, jina, kovu, mtu amekosea tarehe. Kikija tu kwa sababu mwandishi amekumbuka kuwa hajatueleza jambo, kinanuka karatasi.

Hatua ya tano: gawa siri

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock, katika mahojiano yake marefu na mwongozaji mwenzake François Truffaut, alitoa mfano ambao sijaona unaoupita. Watu wawili wanazungumza mezani, na chini ya meza kuna bomu. Kama watazamaji hawajui, bomu linalipuka na wanapata sekunde 15 za mshtuko. Kama wameliona likiwekwa na wanajua litalipuka saa ngapi, mazungumzo yaleyale ya kijinga yanageuka dakika 15 za taharuki.

Bomu la Artigat ni yule askari mpita njia. Una njia tatu za kumtumia.

Unaweza kumfuta kabisa, na mguu wa mti ukaingia mahakamani bila onyo. Mshtuko huo ni mkubwa, lakini wa mara moja, na mtazamaji anayekijua kisa hapati kitu. Unaweza pia kumpa onyesho zima: anasimama kijijini, anasema, watu wanamcheka, anaondoka. Kuanzia hapo kila siku ya furaha nyumbani kwa Bertrande inasikika na mlio wa mti ukigonga mawe kwa mbali. Njia ya tatu ni ya mafundi wa zamani. Mpe askari mstari mmoja katikati ya jambo lingine, watu wanagombania deni, mtoto analia, naye anatupa neno lake na hakuna anayemjibu. Msomaji amesikia, akasahau. Mguu unapoingia, anashtuka na papo hapo anakumbuka kwamba aliambiwa. Anajikasirikia mwenyewe, wewe anakuheshimu.

Mimi kwa riwaya ningechukua ya tatu, kwa filamu ya pili. Kwa historia mambo ni mengine: jalada la kitabu limeshasema Martin alirudi, hivyo "nini kitatokea" umeshaipoteza kabla ya ukurasa wa kwanza. Usijaribu kuificha kwa nguvu. Hamishia taharuki kwenye "iliwezekanaje". Msomaji wa historia husubiri kwa subira ileile, ila anasubiri sababu.

Hatua ya sita: onyesho au muhtasari

Sasa tuandike. Kila kadi ina njia mbili: kuionyesha, wakati ukienda kwa mwendo wa maisha yenyewe, au kuifupisha. Miaka minane ya kungoja inaweza kuingia katika sentensi moja, na dakika moja mahakamani ikala kurasa sita. Kipimo ni kilekile. Mahali ambapo mtu anajua jambo ambalo hakulijua dakika moja kabla, onyesha. Pengine pote fupisha bila huruma.

Tuchukue kadi moja tuipitishe njia zote tatu. Katika kesi, mshona viatu wa kijiji alitoa ushahidi kuwa Martin alivaa viatu namba 12 na mshtakiwa anavaa 9. Ndicho kitu pekee nilichonacho.

Riwaya:

*Mshona viatu hakumtazama mshtakiwa usoni. Alitazama chini, alikozoea kuwatazama watu. "Martin nilimshonea namba kumi na mbili," alisema. "Huyu ni tisa." Bertrande akaitazama miguu ile, miguu aliyoiosha na kuifuta mara zisizo na idadi, na leo ndiyo kwanza akaona kuwa ni midogo.*

Filamu:

*NDANI. MAHAKAMA. MCHANA.*
*Mshona viatu anapiga magoti. Anaweka kigogo cha kuundia viatu kando ya mguu wa mshtakiwa. Kigogo kinazidi kwa vidole viwili. Hakuna anayesema.*
*Bertrande, kwenye benchi, anavuta gauni lake taratibu na kufunika miguu yake mwenyewe.*

Historia:

*Mshona viatu aliiambia mahakama kuwa Martin alivaa namba 12, ilhali mshtakiwa alivaa 9. Ushahidi huu umetufikia kupitia kwa Coras, aliyeandika akiwa ameshajua ukweli. Miguu ya mtu mzima haipungui kiasi hicho. Lakini fundi alikuwa akikumbuka mteja aliyeondoka miaka 12 nyuma, na huenda ndiyo maana neno lake halikutosha kuifunga kesi.*

Angalia kilichotokea. Katika riwaya nilizua kuoshwa kwa miguu, kwa sababu riwaya inaweza kuingia mahali ambapo ujuzi unabadilika ndani ya mtu. Neno "leo ndiyo kwanza" linafanya kazi yote. Ukiliondoa, Bertrande alijua siku zote na hadithi ni nyingine. Katika filamu nilizua kigogo na vidole viwili, maana namba haionekani. Mtazamaji akisikia "tisa" hatahisi kitu, lakini pengo la vidole viwili sakafuni ataliona hata sauti ikizimwa. Sikuandika "Bertrande anashtuka" wala "anasikitika". Mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov, katika miaka iliyofuata mapinduzi ya 1917, aliunganisha picha moja ileile ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, huzuni na tamaa katika uso usiobadilika. Basi katika skripti usiandike uso, andika jirani yake. Kigogo kikipita tu mbele ya Bertrande, uso wake utajisomea wenyewe.

Katika historia nilizua pia, usidanganyike. Sababu ya neno la fundi kutotosha ni dhana yangu, ila nimeifunga kamba ya "huenda" ili uione.

Fanya zoezi hili kwa kadi tatu za kisa chako kabla hujaamua kitakuwa riwaya, filamu au historia. Mara nyingi utakuta kadi zote tatu zimechangamka katika umbo moja na kusinzia katika mawili. Hapo uamuzi umeshajifanya.

Hatua ya saba: kuziba pengo bila kulificha

Pengo kubwa la Artigat ni lilelile: hakuna karatasi inayotuambia Bertrande aliwaza nini. Davis alisema alijua, na mapema. Kwamba yeye na Arnaud waliitengeneza ndoa yao wakijua ni ya kutengeneza. Mwaka 1988 mwanahistoria Robert Finlay alimjia juu katika jarida la kitaaluma, akisema ushahidi hauruhusu hayo na kwamba Bertrande alidanganywa kama kijiji kizima. Davis akamjibu. Nimewasoma wote wawili na moyo wangu uko kwa Davis, ijapokuwa nikivaa koti la mhariri namwona Finlay ana hoja. Davis lakini alikuwa ameonya tangu dibaji kwamba sehemu ya anachotoa ni ubunifu wake, uliobanwa na sauti za zamani. Aliweka kadi zake mezani. Na ukitaka kujua kwa nini filamu haikumtosha: aliona imeacha asili ya Kibaski ya akina Guerre (Wabaski ni watu wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania), imeupita Uprotestanti wa vijijini, na imeulainisha mchezo wa pande mbili wa Bertrande.

Hili si jambo geni. Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alikiri kwamba ilikuwa vigumu kukumbuka hotuba neno kwa neno, hivyo aliwapa wasemaji maneno yaliyofaa hali, akikaa karibu iwezekanavyo na maana ya jumla ya kilichosemwa. Alilisema mwanzoni mwa kitabu, si mtu alimgundua.

Njia yangu ni kalamu tatu. Rasimu ikiisha, pigia mstari wa bluu kila kilichomo katika chanzo, wa kijani kila ninachokikisia kutokana na chanzo, na mwekundu kila nilichokizua. Katika historia, wekundu wowote unatoka au unapewa "huenda", na kijani lazima kionyeshe kilikotoka. Katika riwaya ya kihistoria ukurasa unaweza kuwa mwekundu wote, ila naangalia kama mwekundu umeufuta wa bluu. Nikimpa mshona viatu namba nyingine ili onyesho lipendeze, nimevuka. Katika filamu kuna mtego wa ziada: mavazi, nyumba, hali ya hewa, vyote vinajaza pengo bila kukuuliza. Kamera haijui kusema "huenda". Ukitaka shaka kwenye skrini itakubidi uijenge kwa msuko: watu wawili wanalikumbuka jambo moja tofauti, au mlango unafungwa kabla hatujaona.

Hatua ya nane: kukata, na pa kuishia

Soma rasimu kwa sauti. Pale ulimi unapoharakisha bila kujua, kuna aya isiyohitajika. Kwangu mimi wa kwanza kukatwa huwa ni yule mhusika anayeuliza maswali ili mwingine aeleze. Wa pili ni sentensi ya mwisho ya kila onyesho, maana nina tabia ya kuieleza picha niliyokwisha kuichora. Kadi ambayo hakuna aliyejua jambo jipya ndani yake inarudi kwenye boksi, hata kama niliiandika vizuri mno.

Halafu mwisho. Rudi kwenye swali lako la hatua ya pili. Kama lilikuwa la jaji, malizia na hukumu. Kama lilikuwa la Arnaud, malizia na kitanzi. Kabla ya kufa alikiri, akaeleza kuwa wazo lilimjia baada ya rafiki za Martin kumfananisha naye njiani. Swali langu lilikuwa la Bertrande, na kadi yangu ya mwisho nimeitoa kwa Coras. Martin ameingia, dada zake wamemkumbatia wakilia. Bertrande anamwendea akitetemeka, anapiga magoti, anaomba radhi: dada zako walimkubali, ami yako alimkubali. Martin hamtazami kwa huruma. Anamwambia asijifiche nyuma ya dada zake wala ami yake, kwa sababu hakuna amjuaye mume kama mke, na balaa lililoipata nyumba yao lawama yake ni ya kwake peke yake.

Kwenye rasimu ya tatu nilimwandikia jibu, zuri kweli, mistari minne. Nikalipigia mstari mwekundu, nikalifuta. Sasa anainuka kutoka sakafuni, anakung'uta gauni magotini, na onyesho linakatika akiwa bado hajageuka.